Diff ya GNU: hapa Goma nataka viraka vya -u

Ninasimamia programu ya mauzo inayotumiwa na wauzaji wa jumla wa Birere, mtaa wa biashara hapa Goma, na marekebisho ya wenzangu hunifikia kama viraka vya diff, yaani mafaili yanayoonyesha mistari iliyobadilika tu. Diff ya GNU, programu inayolinganisha mafaili mawili na kuonyesha tofauti zake, ni ya bure, iko karibu kwenye kila Linux, na haidai intaneti. Kwangu hilo lina uzito. Lakini inaonyesha mabadiliko kwa njia kadhaa, na kwa msomaji haziko sawa hata kidogo.

Ukiiendesha bila chaguo lolote, unapata hivi:

14c14
< kiwango = 2800
---
> kiwango = kiwango_cha_leo()

Yaani mstari wa 14 umebadilishwa. Basi, imeishia hapo. Sisi tunabadilisha franka kuwa dola mahali pawili, kwenye kuuza na kwenye kununua, na mstari huo umo kote kuwili. Huu ni wa wapi? Kama faili langu limeshasogea, hata patch, programu inayobandika viraka, inaweza kuupachika kwenye mstari pacha, na mama wa watu akauza mchele kwa hasara.

Kwa chaguo la -u mstari huohuo unakuja na majirani zake, mitatu juu na mitatu chini, chini ya kichwa @@ -11,7 +11,7 @@: kipande kinaanzia mstari wa 11, kina mistari 7. Kilichotoka kina alama ya kutoa, kilichoingia kina ya kujumlisha. Ukiongeza -p, jina la funksheni (sehemu ya programu yenye kazi yake) linatokea pembeni ya kichwa, na swali la kuuza au kununua linaisha. Wayne Davison ndiye aliyebuni mpangilio huu mwaka 1990, na hata Git, programu ya kutunza matoleo ya kazi, inautumia.

Njia ya chaguo la -c ni ya zamani zaidi. Inaonyesha kipande cha kale chote, kisha kipya chote, kwa hiyo majirani wanarudiwa na kiraka kinanenepa. Hata hivyo siidharau: funksheni ikiandikwa upya nzima, -u huchanganya kutoa na kujumlisha mpaka macho yanauma, na hapo -c inasomeka vizuri zaidi.

Wadogo zangu mnaonitumia kazi: diff -up, faili la zamani kwanza, jipya baadaye. Mkigeuza, alama zote zinapinduka. Na mtume faili lenyewe, msinakili maandishi kwenye ujumbe wa simu, maana nafasi na tabu hupotea humo na patch inakataa.