Saa ya mkono Kariakoo: uanze na ipi?

Mdogo wangu alirudi kutoka Kariakoo na Rolex ya Sh 35,000. Ilikuwa inang'aa kuliko taa ya bodaboda. Wiki mbili za jasho la daladala ya Mbagala zikatosha: dhahabu ikabanduka, mkono ukabaki na alama ya kijani. Kwa hiyo saa za namna hiyo nimeziweka mkiani kabisa. Hizi hapa ninazoweza kumshauri mtu.

1. Casio F-91W. Ya namba, imekuwepo tangu 1989, ina uzito wa gramu 21 tu, na betri moja hukaa karibu miaka saba. Taa yake ni ya aibu, inamulika upande mmoja tu, na kioo ni plastiki kinachochubuka. Lakini hakuna inayoipita kwa bei yake. Shida ni kopi, maana zimejaa. Kabla hujatoa hela, bonyeza kitufe cha kulia uking'ang'anie kwa sekunde tatu: orijino huandika CASIo pale penye namba. Kopi nyingi hazifanyi hivyo. Yangu nilianziwa Sh 80,000. Nilipobonyeza kile kitufe mbele ya muuzaji akajua siyo mgeni, tukamalizana kwa 45,000.

2. Casio MRW-200H. Hii ni ya mshale, ya plastiki, ina siku na tarehe, na imeandikwa 100M. Mimi napenda mshale kwa sababu za Kiswahili: saa ya namba ikikuandikia 7:00 inabidi utoe sita kichwani, ila ya mshale unaangalia tu upande wa pili wa mshale mfupi, saa moja hiyo hapo. Ingekuwa na sura ya kiofisi kidogo, ningeipa namba moja.

Na hizo mita zisikudanganye. 30M maana yake unaweza kunawa mikono na kunyeshewa kidogo, basi. Kama unaogelea Coco Beach au Kigamboni, anzia 100M, na ukitoka baharini isuuze kwa maji ya bomba.

3. Seiko 5 otomatiki. Haina betri, inajijaza kwa mwendo wa mkono. Ukiivua siku mbili inasimama, na kupotea nusu dakika kwa siku siyo ugonjwa. Za mtumba zipo, ila angalia uso wake: nyingi zimepakwa rangi upya, maandishi yamepinda au wino umevuja pembeni. Inunue kama una fundi unayemwamini. Huna, rudi namba moja.

Mkanda wa ngozi kwa joto la Dar sikushauri. Unanuka kabla ya mwaka kuisha. Raba au chuma.

Kuhusu bei: pitia kwanza duka la Mlimani City au Posta, uliza, toka. Hiyo ndiyo dari yako. Kisha nenda Kariakoo, uliza maduka matatu bila kuonyesha kwamba umependa. Ukiambiwa "bei ya mwisho hiyo, bosi", anza kuondoka taratibu; bei ya mwisho huwa inakuja nyuma yako. Omba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Anayekataa kuitoa leo, kesho hatakukumbuka ukirudi na saa iliyosimama.

Betri ikiisha, ukienda kwa fundi wa pembeni ya barabara mwenye kimeza cha kioo, usiende kunywa chai. Simama pale. Akifungua mfuniko wa nyuma utaona kipete cheusi cha raba, chembamba kama uzi: hicho ndicho kinachozuia maji. Cha saa yangu ya kwanza kilibaki mezani kwa fundi, nikagundua hilo kwenye mvua ya kwanza ya masika, kioo kimejaa ukungu kwa ndani.