Glavu za mguso kwa VR: ipi ununue ukiwa Unguja au Pemba

Ukishika kikombe ndani ya VR, yaani ulimwengu wa kompyuta unaouona kwa kuvaa miwani maalumu, kwa mkono mtupu, jicho linakiona lakini vidole havina habari. Glavu huviarifu hasa kwa njia mbili: kuvitetemesha, au kuvizuia visikunjike. Anayetaka kucheza na kubonyeza vitufe hahitaji zaidi ya mtetemo. Asilipie kizuizi bure.

1. TactGlove ya bHaptics. Kila mkono una mota tano kwenye ncha za vidole na moja kwenye kifundo cha mkono. Mkono unafuatwa na kamera za miwani, kwa mfano Quest, kwa hiyo chumba kiwe na mwanga: umeme ukikatika ukabaki na taa ndogo ya chaji, mkono unapotea. Hakikisha pia programu yako imetengenezwa kuitambua, la sivyo glavu inakaa kimya. Saizi ibane ncha za vidole. Ikipwaya kidogo tu, mota inatetemesha kitambaa, ngozi haisikii kitu.

2. LucidGloves, ya kujitengenezea. Michoro yake ni ya bure, na kwa fundi anayejua kulehemu hakuna inayofundisha zaidi. Kila mkono unataka ESP32 moja (kibao kidogo cha kompyuta kinachoongoza glavu), potenshiometa 5 za kupima kidole kimekunjika kiasi gani, servo 5 (mota ndogo za kukizuia), vile vikasha 5 vya kamba ya kuvutika vya kuning'inizia vitambulisho, na mtu mwenye printa ya 3D. Kosa kubwa liko kwenye umeme: servo zikishtuka zote pamoja volti inashuka, ESP32 inazima na kuwaka upya. Zipe chanzo chao cha volti 5, kisha unganisha hasi zote. Ukiongeza mota za mtetemo, usiziunge moja kwa moja kwenye pini ya ESP32, itaungua. Pitisha kwenye transista 2N2222, rizista ya kilo-omu 1 kwenye besi, na dayodi iliyogeuzwa sambamba na mota. Juu ya kifundo cha mkono funga rimoti ya VR au traka (kifaa cha kufuatilia mahali), maana glavu yenyewe haijui mkono uko wapi.

3. SenseGlove Nova 2. Inazuia vidole vinne, hadi niutoni 20 kila kimoja, sawa na kuning'iniza kilo mbili. Bei yake ni ya chuo au kituo cha mafunzo.

HaptX G1, yenye vifuko vidogo 135 vya kusukuma ngozi kila mkono na mtambo wa hewa mgongoni, mtu binafsi aiache.

Yoyote utakayochukua, jasho na hewa ya chumvi ndivyo vitakavyoiua, hasa masika. Ukivua, ianike mbele ya feni mpaka ikauke, kisha itie kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na vile vifuko vya silika jeli vya kufyonza unyevu. Ukiona ukijani kwenye tundu la chaji, zima glavu, sugua kwa mswaki na spiriti, acha ikauke ndipo uchomeke.