Giaboksi ya gia 5 au 6 kwa gari la kujiundia

Gari langu la mtindo wa Lotus Seven (gari dogo jepesi la michezo lisilo na paa) linatumia injini ya Mazda MX-5, na nimelijaribu kwa giaboksi zote mbili, difu (gia za ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu) ileile. Ya gia 5 inaanza na uwiano wa 3.14 (injini inazunguka mara 3.14 kwa kila mzunguko mmoja wa shafti inayotoka giaboksi) na kuishia 0.81: gari jepesi linaondoka kwa ulaini, na kwenye barabara kuu injini inatulia. Ya gia 6 inaanza na 3.76, kwa hiyo gia ya kwanza inaisha hata sijavuka makutano. Nimebaki na 5, tena bila majuto.

Upande wa egzosi, manifoldi (mabomba yanayotoa moshi kwenye injini) ya 4-2-1, yaani manne yanaungana kuwa mawili kisha moja, inaongeza nguvu mizunguko ya injini ikiwa ya wastani. Ya 4-1, ambapo manne yanaungana moja kwa moja kuwa moja, huizidi mizunguko ikiwa juu kabisa. Kwa barabarani nachukua 4-2-1. Baada ya safari ya kwanza kaza nati za manifoldi upya. Zangu mbili zililegea, gasketi ikaanza kupuliza masizi.