Karakana ya pampu za boila, Tanga: mikono mizuri, ripoti dhaifu

Pampu ya kulishia boila ikiingia kwenye karakana hii (jina tunaliacha), inatoka nzima kweli. Shafti inapimwa unyoofu kwa geji ya saa, impela (magurudumu yanayosukuma maji) zinasawazishwa moja moja, beringi inafunguliwa kwenye boksi mbele ya mteja. Nyota nne, bila ubishi.

Ya tano imepotelea kwenye ripoti. Impela ya hatua ya kwanza, ile inayopokea maji mwanzo, ilitoka imetobokatoboka kama jiwe la tumbawe, upande wa kuingilia maji; zilizofuata zote laini. Ripoti ikaandika "kutu", ikafungwa mpya. Kutu gani hiyo inayochagua impela moja? Huo ni mvuke: maji yanachemka mlangoni mwa pampu, kisha mapovu yanapasukia kwenye chuma.

Hesabu yake si ngumu. Maji yakiwa nyuzi 30, uzito wa hewa unaipa pampu akiba ya shinikizo, kabla maji hayajachemka, sawa na kimo cha maji cha karibu mita 10. Yakiwa nyuzi 95 ndani ya tanki lililo wazi, akiba haifiki mita 2, na hapo bomba la kuingilia na chujio lake bado havijachukua chao. Ndiyo maana tanki linawekwa juu ya pampu, na bomba la kuingilia linakuwa nene na fupi. Kwa Tanga chujio ndilo la kuangalia kwanza: kisima kilichochimbwa kwenye mwamba wa chokaa, kama ule wa Amboni, hutoa maji magumu, yakipashwa moto yanaacha magamba, na magamba yanaishia humo. Mafundi walifunga pampu wakaondoka bila kulifungua chujio hilo.

Kaplingi, kiungo cha shafti ya pampu na ya mota, nayo waliipanga pampu ikiwa baridi. Sawa, ila pampu ikipata moto inanyanyuka kidogo kuliko mota, kwa hiyo irudiwe kupimwa baada ya kufanya kazi.

Ukiwapa kazi, andika kwenye oda: chujio lifunguliwe, kaplingi ipimwe tena ikiwa ya moto, na lain ya kurudisha maji kwenye tanki ijaribiwe. Valvu ya boila ikijifunga na lain hiyo imeziba, pampu inazungusha maji yaleyale mpaka yachemke. Nyuso za sili, kizuizi cha maji yasivuje kwenye shafti, zinakauka na kupasuka. Sili mpya wanaiuza wao, na bei yake si ndogo.