Kaushio la dagaa la wanafunzi: uzoefu wangu hapa Kibirizi

Mimi ni muanikaji wa dagaa hapa mwalo wa Kibirizi, Kigoma. Kaushio hili tulijengewa na wanafunzi wa uhandisi waliokuja fildi mwaka 2024, Ziwa Tanganyika likiwa limefungwa kwa uvuvi, Mei 15 hadi Agosti 15. Lilipofunguliwa tu, tukaanza kulijaribu.

Ni banda la mbao lililovishwa nailoni ngumu. Ubavuni kuna kisanduku chenye bati jeusi: hewa inaingilia chini, inapata joto, inapanda katikati ya chanja za wavu na kutokea juu. Halitumii umeme wala kuni.

Nawasifu kwa kusikiliza. Mchoro wao wa kwanza ulikuwa na mlango mmoja, na chanja za nyuma ungezifikia kwa kuingia umeinama. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akawaambia, "Humo mimi siingii, wanangu." Wakachora upya palepale, juu ya beseni lililofunikwa. Sasa chanja unazivuta kutoka nje kama droo.

Dagaa wanatoka safi. Mnunuzi wa Dar huchota konzi, akamvunja mmoja na kumtafuna. Akisikia mchanga anatema na bei inashuka. Hawa wetu anatafuna hadi anameza, ndipo anauliza zipo ndoo ngapi. Mvua ikishuka ghafla, hatukimbilii tena maturubai.

Tatizo kubwa ni udogo. Usiku wa giza, mitumbwi ikirudi imejaa, linameza sehemu ndogo tu ya mzigo, mwingine wote naanika nje. Jua likiwa kali fungua matundu yote ya hewa, la sivyo dagaa wanaiva badala ya kukauka, na wanakatikakatika. Upepo wa ziwa nao ulichana nailoni kwenye kona. Bahati nzuri vijana walituachia mchoro wenye vipimo. Seremala wa mtaani akabadilisha kipande, akatanguliza mpira wa tairi chini ya misumari, na hadi leo kimeshika.

Nalipa nyota nne kati ya tano. Ombi langu kwa vyuo: kundi lijalo lije masika. Hawa walirudi chuoni kabla ya mvua, hawakuona kaushio linavyosuasua mawingu yakitanda kutwa, na hapo ndipo dagaa wetu wengi wanapoozea.