Niliitisha ukuta wa Halloween, nikaharibiwa ukuta wa mwenye nyumba

Kama umepanga nyumba na unafikiria kuita hawa watu wa mapambo ya pati waje wakufanyie sebule ikae imeoza, soma hii kwanza kabla hujatuma pesa. Bado niko na hasira na sitaificha.

Dada yangu mdogo alizaliwa mwisho wa Oktoba, sasa akaamua bathidei yake tuifanye ya Halloween, ile tarehe 31 usiku, kila mtu avae vitu za kutisha na sebule yangu hapa Migosi ikae nyumba iliyohamwa zamani. Mama alilalamika ati hayo ni mambo ya shetani, nikamweleza desturi zenyewe zilitoka Ireland na huo ni mkesha wa Watakatifu Wote, ile ya tarehe 1 Novemba ambayo yeye mwenyewe anaendanga misa, akanyamaza lakini hakukubali. Hiyo tuiache.

Nikapewa namba ya jamaa mmoja ako na vijana wake hapa Kisumu, wanapamba harusi, bathidei, hadi matanga. Kwa simu alikuwa mtu mzuri sana. Nikamwambia mapema, na nikarudia, hii nyumba si yangu, mwenye nyumba alipaka rangi juzi juzi na depositi yangu iko kwake, kwa hivyo hakuna kitu inagusa ukuta. Akasema usijali madam. Voisi noti zake ninazo mpaka leo. Alinieleza vizuri kabisa venye atafanya: anabandika karatasi ya kaki kutoka juu hadi chini na maskin tepu, halafu uozo wote unafanywa juu ya hiyo karatasi. Kwanza rangi nyeusi ya maji, ikauke. Halafu gundi nyeupe ya mbao, na ikiwa bado inanata anapitisha rangi ya krimu mara moja tu bila kurudia brashi, ile rangi ya juu inakauka haraka kuliko gundi iliyo chini, inavutika inapasuka yenyewe, unapata nyufa kama tope la Kano wakati wa kiangazi. Kuvu ni vumbi la mbao limechanganywa na rangi ya kijani na gundi, unagusagusa na sponji kwa kona. Kutu ni mdalasini juu ya rangi ya kahawia ikiwa mbichi. Michirizi ya maji ni chai ya rangi kali sana, unanyunyizia juu unaiacha ishuke yenyewe. Asubuhi unatoa tepu, unakunja karatasi unatupa, ukuta iko venye ilikuwa. Mimi nikaona huyu ni mtu anajua kazi yake, nikatuma pesa ya kuanzia.

Siku yenyewe nikawaachia nyumba nikaenda soko la Kibuye kutafuta neti kuukuu za kuchana na kuloweka kwa chai, za kuning'iniza madirishani. Kurudi, harufu ya tapentaini ikanikuta kwa ngazi. Ile karatasi ya kaki iko kwa kona, bado imekunjwa, haijafunguliwa hata. Jamaa ako na skrepa mkononi, amekwangua ukuta wa wenyewe, ametoa rangi, ametoa skimu, ile tabaka laini chini ya rangi, amefika kwa plasta, vipande vikubwa vikubwa. Na ile michirizi hakutumia chai, ametumia rangi ya mafuta. Rangi ya mafuta! Juu ya ukuta wa rangi ya maji!

Nikamuuliza, nikijaribu sana kutulia, fundi, tuliongea nini? Hata hakugeuka. Akasema, "Madam, si ulitaka ukuta ioze? Imeoza." Vijana wake wakacheka. Na keateka, yule anaangalilia mwenye nyumba hii ploti, alikuwa amesimama hapo mlangoni, harufu ndiyo ilimleta, akasikia yote.

Hayo maneno ndiyo yamenikaa kwa roho kuliko hata rangi. Angesema pole, ati maskin tepu imekataa kushika, ningeelewa, hapa Kisumu na huu unyevu wa ziwa tepu inabanduka kweli mvua ya jioni ikikaribia. Lakini kunijibu hivyo ndani ya nyumba ninayolipia, amenipa mgongo, pesa yangu iko kwa mfuko wake, mbele ya mtu ambaye akitoka hapo anampigia mwenye nyumba simu? Wueh.

Na sasa kuna hii nyingine inaniuma kuisema: kazi ilikuwa safi ajabu. Ukiangalia zile nyumba za zamani za reli, na reli ilifika hapa 1901, utaona ukuta hauozi ovyo ovyo. Unyevu unapanda kutoka sakafuni hadi kama kiunoni halafu unafifia, maji ya paa yanashuka na michirizi kutoka kwa dari, ufa unaanzia kona ya dirisha unaenda upande upande. Huyu mtu aliyajua yote na akayaweka mahali pake. Watu waliingia wakasimama tu. Kuna mjomba wetu alitaka kujua kama bomba la juu limepasuka. Dada yangu alinikumbatia hapo hapo mlangoni, na kwa hiyo saa, naapa, ningempa huyo fundi nyota tano na chai juu.

Halafu kukakucha, na mwenye nyumba akaja. Rangi ya maji haishiki hivi hivi juu ya ile ya mafuta, lazima ipigwe msasa, anda koti, ile rangi ya chini ya kushikilia, yale mashimo yajazwe skimu upya na ikauke kabisa, ndio rangi mara mbili. Nikampigia fundi. Akaniambia hiyo ni kazi ingine, iko na bei yake.

Kwa hivyo nimeshindwa kupima. Kama nyumba ni yako na ulikuwa upake upya Krismasi, muite, sijaona mwingine hapa anaweza kukufanyia ukuta namna hiyo. Hapana, ngoja, hata kama ni yako usimuite, mtu wa kukujibu na mgongo atakujibu tu na mgongo hata ukiwa na hati ya ploti. Nyota moja. Hiyo moja ni ya dada yangu.

Na fundi, kama unasoma hii, sitaki unirudishie pesa. Leta msasa, skimu na anda koti, chakula cha mchana nitakupikia wewe na hao vijana, lakini yale maneno uliniambia mbele ya keateka utakuja uyarudishe mbele ya keateka.