Uzoefu wangu na printa ya risiti inayoiga ESC/POS
Printa hii ya milimita 80 niliinunulia duka langu la vipodozi kwa sababu boksi lake linadai kwamba inaelewa ESC/POS, yaani lugha ya amri iliyoasisiwa na Epson ambayo programu nyingi za mauzo huitumia. Kwa maandishi ya kawaida haina shida: inachapa haraka na herufi zinasomeka. Matatizo huanza pale programu inapotegemea tabia za printa asilia.

Kwanza ni upana. Programu yetu ilipangwa kwa printa ya nukta 180 kwa inchi, yenye nukta 512 katika mstari, sawa na herufi 42. Hii ina nukta 203 kwa inchi na herufi 48, kwa hiyo safu ya bei ilikomea mbali na ukingo wa kulia na nembo ya duka ikatoka ndogo. Hilo lilikwisha kwa kurekebisha mipangilio.

Lililonisumbua zaidi ni herufi zenye alama. Neno "Crème", lililomo katika majina ya bidhaa zetu kadhaa, lilitoka "Cr", ikafuata herufi moja ya Kichina, kisha "e"; m ilikuwa imemezwa. Sababu ni kwamba printa huwaka ikiwa katika hali ya Kichina, ambamo baiti mbili (yaani namba ambazo kompyuta hutuma kuwakilisha herufi) huweza kusomwa kama herufi moja, hivyo baiti ya è ikaungana na ya m. Dawa yake ni kutuma baiti 28 na 46, zinazozima hali hiyo, mwanzoni mwa kila risiti, baada ya amri ya ESC @ inayoianzisha printa upya, kwa kuwa amri hiyo huirudisha printa katika Kichina. Karatasi ya maelekezo haisemi lolote kuhusu jambo hili, nami nauona huo ni uzembe mkubwa kwa chombo kinachouzwa Afrika Mashariki.

Msimbo wa QR nao printa hii haiuchori yenyewe. Fundi wetu sasa anautuma kama picha, na simu za wateja zinausoma vizuri.

Kisu bado hakijatengemaa. Amri inayotakiwa kusogeza karatasi kabla ya kukata, printa hii huitekeleza kwa kukata papo hapo, na kwa kuwa kisu kiko mbele ya kichwa cha kuchapia, mistari ya mwisho yenye jumla ya bei hubaki ndani na kutokea juu ya risiti ya mteja anayefuata. Tunalazimika kuongeza mistari mitupu chini ya kila risiti, jambo linalokula karatasi, na kwa sababu hiyo naipa nyota 3 kati ya 5.